Kutoka pub mpaka Ally Pally: namna mtu anavyokula kwa vishale Uingereza

Mtoto wa dada yangu ana miaka 19, kazaliwa Tanga kakulia hapa Northampton, na tangu ile Januari ya 2024 Luke Littler, kijana wa Kiingereza, alipoingia fainali ya dunia ya vishale akiwa na miaka 16 basi na yeye kapagawa, nikienda kwa dada sebuleni simkuti, yuko gereji anatupa vishale mpaka mama yake anapiga kelele chakula kinapoa. Wiki ilopita kanishika mlangoni, "Mjomba, we si unacheza ligi ya Jumatatu, hivi mtu anaanzia wapi mpaka analipwa?" Nikamjibu juujuu tu, fanya mazoezi mwanangu. Kufika nyumbani nikaona nimemdanganya, manake wapo watu kwenye ligi yetu wana mazoezi ya miaka thelathini na hakuna aliyewahi kulipwa hata nauli. Kwaiyo naandika ninachokijua, kwa ajili yake na kwa yeyote anayeishi huku mwenye mkono mzuri ila hajui mlango uko wapi.

Jambo moja mlishike mapema. Kazi hii ina hesabu mbili. Ya kwanza iko ubaoni, unaanza na 501 unashuka mpaka sifuri. Ya pili iko kwenye jedwali la PDC, ambalo ndo chama kinachoendesha dati (vishale) ya kulipwa, na jedwali lenyewe halina pointi, ni hela ulizoshinda, na kila hela inakaa miaka miwili tu kisha inafutwa. Vijana wanaijua ya kwanza. Ya pili ndo inayowatoa watu jasho.

Bodi kwanza

Usianzie kwenye mishale ya bei mbaya, anzia kwenye bodi na vipimo. Katikati ya buli, kile kiduara cha katikati ya bodi, mpaka sakafuni ni mita 1.73. Mstari wa kusimamia uko mita 2.37, na hiyo unapima kutoka usoni mwa bodi, sio kutoka ukutani, hapa watu wengi wanaibiwa sentimita kadhaa bila kujua, afu wakienda kwenye bodi ya kweli mishale yote inashuka chini wanaanza kulaumu mkono. Chukua uzi, funga kitu kizito, ning'iniza mbele ya bodi, weka alama sakafuni, anza kupima hapo. 20 ikae juu kabisa, kipande cheusi.

Na hapa nisamehewe kidogo, mi mtu wa Tanga. Ile bodi si mbao wala si kizibo, ni mkonge. Singa za mkonge zimebanwa kwa nguvu kisha zikakatwa usawa mmoja, ndo maana ukichomoa mshale tundu linajifumba lenyewe. Nimekulia nikiona singa zimeanikwa juani pembeni ya korona, kile kiwanda cha kuchakata mkonge, zinang'aa kama nywele za mzungu, na sikuwahi kufikiria zinaenda wapi. Siku ya kwanza nimenunua bodi ya Winmau huku, nyuma naikuta imetengenezwa Kenya. Na Winmau ndo bodi rasmi ya PDC tangu 2022. Yaani mabilioni yote yale ya shilingi yanapiganiwa kwenye mkonge wetu, haya tuendelee.

Mishale: sheria inaruhusu mpaka gramu 50 lakini hakuna anayerusha chuma hicho, wengi wako kati ya gramu 20 na 26. Nenda duka la dati lenye bodi ya kujaribia, tupa ya 22, tupa ya 24, chukua inayotoka vidoleni bila kukwama. Nunua ya tungsteni ukiweza, ni miembamba kuliko ya shaba, na wembamba ndo unaoruhusu mishale mitatu kukaa kwenye kile kichumba cha trebo 20, pete ya ndani inayohesabiwa mara tatu. Ukishachagua, kaa nayo. Kuna mwenzetu ligi anabadilisha mishale kila mwezi kama anabadilisha laini ya simu, na bado ni yuleyule.

Dabo ndo mshahara

Trebo 20 ni pointi 60, tatu ni 180, watu wanaruka, wanarusha bia, nyumbani kwenye tv unaona mchezo wote ni huo. Sio huo. Legi, yaani mchezo mmoja wa 501, inaisha kwa dabo, ile pete nyembamba ya nje inayohesabiwa mara mbili, na usipoifunga hizo 180 zako ni mapambo.

Ngoja niwape ya kwangu. Jumatatu yangu ya kwanza kwenye ligi, pub imejaa, kwapa zinatoka maji. Nimebakiza 32, mpinzani ni mzee wa makamo ya babu yangu, kabakiza 180 na kitu, yaani yuko mbali. Nikaenda dabo 16, nikapata 16 ya kawaida, imebaki 16. Nikaenda dabo 8, nikapata 8 ya kawaida, imebaki 8. Dabo 4, nikapata 4 ya kawaida. Zimebaki 4. Mzee kaja kapiga 100 yake taratibu karudi kukaa. Nikaenda dabo 2, nikapata 2 ya kawaida, zimebaki 2, sasa niko dabo 1 ambayo huku wanaiita nyumba ya vichaa, nikapiga 1 ya kawaida. Imebaki 1, na 1 haifungiki, kwaiyo zamu yote inafutwa narudi kwenye 4. Mzee kafunga. Kaja kanipa mkono, kaniambia pole kijana, utazoea. Sijazoea mpaka leo.

Ila mngeangalia vizuri mngeona kwa nini nilianza na dabo 16. Ukiikosa kwa ndani unabaki na 16, ambayo ni dabo 8, ukiikosa tena unabaki na 8, ambayo ni dabo 4, afu dabo 2, afu dabo 1, inagawanyika mpaka mwisho. Na 8 imekaa jirani na 16 kwenye bodi, hata ukiteleza pembeni ukaangukia dabo 8 unabaki na 16, bado uko kazini. Linganisha na dabo 20: ukiikosa kwa ndani una dabo 10, ukiikosa hiyo una dabo 5, ukiikosa hiyo umebaki na 5, namba witiri, inabidi upoteze mshale kusafisha. Hesabu hizi unatakiwa uzijue kama unavyojua njia ya choo usiku. Kubwa kuliko zote unayoweza kufunga kwa mishale mitatu ni 170, trebo 20 mbili na buli. Chini ya hapo zipo saba zisizofungika kwa mishale mitatu: 169, 168, 166, 165, 163, 162 na 159. Kariri. Ukiwa na 200 na kitu usijiache hapo.

Mazoezi ya dabo ninayoyafanya mimi, na nimempa dogo ayafanye, yanaitwa Bob's 27, kutokana na Bob Anderson aliyekuwa bingwa wa dunia 1988. Unaanza na pointi 27. Unatupa mishale mitatu kwenye dabo 1, kila inayoingia unaongeza 2, zikikosa zote tatu unatoa 2. Dabo 2 ni 4, dabo 3 ni 6, unapanda hivo mpaka dabo 20 kisha buli. Ukifika sifuri au chini yake umekufa, anza upya. Wiki ya kwanza dogo alikuwa anafia kwenye dabo 6, dabo 7, ananipigia simu kanuna. Sasa anafika mwisho mara moja moja. Huo ndo usaili wa kwanza, kama humalizi Bob's 27 hata mara moja kwa wiki usilipie kiingilio popote.

Na kwa avareji, yaani wastani wa pointi kwa kila mishale mitatu, jipime hivi: ukimaliza 501 kwa mishale 15 avareji yako ni 100.2, kwa mishale 18 ni 83.5, kwa mishale 30 ni 50 na kidogo. Wachezaji wazuri wa pub wako 55 mpaka 70. Pro anayetaka kubaki pro anahitaji 90 na kitu, siku nzuri siku mbaya, saa nne asubuhi kwenye ukumbi usio na mtu.

Ligi, afu vijana, afu mlango wa nyuma

Ligi ya pub ni shule, usiikimbilie kuihama. Pale utajifunza kuandika mahesabu, manake asiyecheza ndo anasimama pembeni ya bodi anatoa hesabu kwa sauti, mwanzoni nilikuwa natetemeka kuliko kutupa, mtu kapiga trebo 19, 7 na dabo 12 kila mtu anakuangalia we mgeni useme ni ngapi. Ni 88. Miezi mitatu hivi hesabu inaingia damuni. Pia jiandae kula, mapumziko wenyeji wanaleta sandwichi na viazi, uliza kabla kama kuna nyama ya nguruwe, hawachukii ukiuliza.

Walio wadogo waende akademi. Littler ndo mfano unaojulikana: video yake anatupa vishale vya sumaku akiwa bado na nepi ipo mpaka leo, afu akapita akademi ya St Helens na mashindano ya watoto, Novemba 2023 akawa bingwa wa dunia wa vijana, na wiki chache baadaye akatokea Ally Pally, ule ukumbi wa London wa mashindano ya dunia. Watu waliona muujiza. Littler alikuwa na zaidi ya miaka kumi kazini.

PDC wana ngazi mbili za chini anazoweza kuanzia mtu asiye na kadi, yaani Tour Card, ile ruhusa ya kucheza mashindano ya kulipwa. Development Tour ni ya vijana. Challenge Tour ni ya kila mtu asiye na kadi, wanacheza wikiendi nzima nzima kwenye kumbi kubwa zenye bodi kibao, hakuna tv, hakuna nyimbo, na walio juu kwenye msimamo mwisho wa mwaka wanapewa kadi moja kwa moja. Mnaodharau Challenge Tour sikieni habari ya Rob Cross. Alikuwa fundi umeme wa Hastings. Mwaka 2016 akaongoza Challenge Tour, 2017 akaingia na kadi, na tarehe 1 Januari 2018 akawa bingwa wa dunia kwenye mashindano yake ya kwanza kabisa ya dunia. Nusu fainali kamtoa Michael van Gerwen seti 6-5 (seti moja ni legi kadhaa), fainali kampiga Phil Taylor 7-2 kwenye mechi ya mwisho ya Taylor kabla hajastaafu. Kutoka kuvuta nyaya mpaka pauni 400,000, miezi kumi na miwili tu.

Mlango wa mbele unaitwa Q-School, mchujo wa kugombea kadi. Ni Januari, kwa upande wa Uingereza imekuwa ikifanyika Milton Keynes, kwa Ulaya bara ni Ujerumani. Unalipa kiingilio, unapita hatua ya kwanza, ukifaulu unaingia hatua ya mwisho. Kila siku ya hatua ya mwisho kadi zinatolewa kwa wanaofika mbali siku hiyo, na zinazobaki zinagawiwa kwa pointi za siku zote. Kwaiyo mtu anayefika robo kila siku anaweza kupata kadi bila kushinda siku hata moja, na aliyepiga 180 nyingi siku ya kwanza akalewa usiku anarudi kwao mikono mitupu.

Tour Card sio ajira

Hapa ndo nilitaka dogo anisikilize vizuri. Kadi ziko 128. Ukiipata umeruhusiwa kucheza kwa miaka miwili, basi. Hakuna mshahara. Kila kitu juu yako: petroli, hoteli, ndege ya kwenda Ujerumani, chakula, na kodi mwisho wa mwaka, tafuta mhasibu mapema kabla barua za kodi hazijakutafuta.

Kazi ya kila wiki ni mashindano yanayoitwa Players Championship, zaidi ya thelathini kwa mwaka, mengi Leicester, Wigan, Milton Keynes na kule Hildesheim, Ujerumani. Watu 128 wanaanza asubuhi, jioni mmoja anachukua. Mechi nyingi ni wa kwanza kufikisha legi 6. Mwaka 2025 mshindi wa siku alikuwa anachukua pauni 15,000. Aliyetoka raundi ya kwanza alipata sifuri. Umeendesha gari kutoka mbali, umelala hoteli, umetoka na sifuri saa sita mchana, na kesho yake unarudi kufanya hivohivo. Ndo maana wengi wa chini hawaachi kazi zao za ujenzi na za madereva, wanaomba ruhusa Jumatatu na Jumanne.

Sasa hesabu ya pili. Hela zote unazoshinda kwenye mashindano ya jedwali zinajumlishwa, miaka miwili nyuma tu. Miaka yako miwili ikiisha, ukiwa kwenye 64 bora unabaki na kadi, ukiwa nje ya 64 inanyang'anywa, unarudi Q-School na ukiipata tena unaanza na sifuri. Littler yeye hakupita Q-School, zile pauni 200,000 za mshindi wa pili Januari 2024 zilimrusha moja kwa moja nafasi ya 31, kadi ikamfuata yenyewe.

Lakini kinachopandisha haraka ndo kinachoshusha haraka. Michael Smith wa St Helens alichukua dunia Januari 2023, alimfunga van Gerwen 7-4 na ndani ya fainali hiyohiyo akapiga legi ya mishale tisa, yaani kumaliza 501 kwa mishale tisa tu, baada ya mwenzie kupiga minane sawa akakosa dabo 12 kwenye wa tisa. Pauni 500,000. Miaka miwili ikapita. Desemba 2024 anakuja kuzitetea, mechi yake ya kwanza kafungwa 3-2 na Kevin Doets wa Uholanzi, nusu milioni ikafutwa kwenye jedwali na jamaa akatoka hata kwenye 16 bora. Hela benki anayo, lakini jedwali halijui benki. Rob Cross naye yalimkuta, mechi ya kwanza ya mashindano ya dunia ya 2020 kapigwa 3-0, zile 400,000 zikayeyuka, kilichomshika asianguke mbali ni kwamba mwaka 2019 alishinda World Matchplay ya Blackpool na ubingwa wa Ulaya. Funzo la mhasibu: ukishinda kikubwa, una miezi 24 ya kukusanya vidogovidogo vya kujaza shimo linalokuja, na tarehe ya shimo unaijua.

Kwaiyo dogo akipata kadi nitamwambia atengeneze daftari. Safu moja hela iliyoingia, safu ya pili tarehe itakayofutika. Wapo mameneja wanaofanya hivi, lakini usikabidhi kila kitu, zijue hesabu zako mwenyewe.

Kuna Premier League pia, watu 8 tu, Alhamisi kwa Alhamisi kuanzia Februari mpaka Mei, kumbi kubwa mji baada ya mji, hela ndefu. Nne wanaingia kwa jedwali na wengine wanaalikwa. Na hela zake HAZIHESABIWI kwenye jedwali hata kidogo. Mtu anaweza kutajirika pale huku anashuka. Littler 2024 aliichukua kwa kumfunga Luke Humphries 11-7 na legi ya mishale tisa juu yake, 2025 Humphries akamlipa 11-8, na zote hizo jedwali halikusogea hata senti.

Mtu wa kukushika mkono

Phil Taylor, bingwa wa dunia mara 16, alikuwa Burslem kule Stoke-on-Trent anafanya kazi ya kiwandani kutengeneza vishikio vya kauri vya choo. Eric Bristow, ambaye alikuwa bingwa mara tano na alikuwa akiishi mjini hapo, akamuona, akamkopesha karibu pauni 10,000 aache kazi atupe vishale kutwa. Mwaka 1990 Taylor akafika fainali ya dunia, hakuna aliyempa nafasi. Mpinzani wake? Bristow. Akamfunga 6-1. Sijui kama kuna mkopo mwingine umewahi kulipwa vile.

Nasema hivi sababu udhamini wa mwanzo huku haukuji kwa barua pepe. Unatoka kwa mtu aliyekuona: mwenye pub, mwenye duka la mishale, bosi wa kampuni ya kuezeka mapaa anayetaka jina lake kwenye shati lako. Andika makubaliano hata ya karatasi moja, asilimia ngapi, mpaka lini, na nani analipa hoteli. Vijana wamesaini vitu vya ajabu kwa furaha ya shati jipya.

Kichwa

Bristow huyohuyo mwishoni mwa miaka ya 80 mkono ulikataa kuachia mshale. Vidole vinashika, ubongo unasema achia, haviachii. Huku wanaiita dartitis, na haina dawa ya duka. Ukiona dalili, unarudisha rudisha mkono mara nne kabla ya kutupa, pumzika, usilazimishe usiku kucha gerejini.

Humphries ambaye zamani alikuwa fundi wa mapaa amezungumza wazi kwamba wasiwasi ulimbana mpaka jukwaani mapigo ya moyo yanamwenda mbio, alifika mahali pa kutaka kuacha. Akatafuta msaada, akapunguza uzito, na kati ya Oktoba na Novemba 2023 akashinda makombe makubwa matatu, World Grand Prix, Grand Slam na Players Championship Finals, kabla ya ile fainali ya Januari 2024 dhidi ya Littler.

Na fainali yenyewe nimeiangalia mara nyingi kuliko nilivyoangalia video ya harusi yangu. Littler anaongoza seti 4-2. Ana mshale wa dabo 2 aende 5-2. Dabo 2, milimita nane za chuma hadi chuma. Ukatoka. Humphries akashinda legi, akashinda seti, na akashinda zilizofuata zote, tano mfululizo, 7-4. Angalia uso wa dogo Littler baada ya ule mshale: hakuna kitu. Kachomoa, karudi nyuma. Mwaka mmoja baadaye, 3 Januari 2025, kampiga van Gerwen 7-3 akawa bingwa mdogo kuliko wote akiwa na miaka 17, na Januari 2026 akalichukua tena, 7-1 dhidi ya Gian van Veen, safari hii zawadi ni pauni milioni 1. Sura anayoifanya baada ya kukosa, hiyo fanyia mazoezi. Mwambie mtu akae nyuma yako akupigie makelele. Dada yangu kaikubali kazi hiyo bila kulazimishwa.

Kwa dada zetu, na kwa walioko nyumbani

Mlango ni uleule mmoja, hakuna PDC ya wanaume peke yake. Fallon Sherrock Desemba 2019 alikuwa mwanamke wa kwanza kushinda mechi kwenye mashindano ya dunia ya PDC, alimtoa Ted Evetts, afu akarudia kwa Mensur Suljović. Oktoba 2025 Beau Greaves wa Doncaster alimfunga Littler mwenyewe 6-5 kwenye nusu fainali ya vijana ya dunia. Kwaiyo binti mwenye mkono mzuri asiambiwe akacheze na wenzie.

Na huhitaji kuwa Mwingereza. Kuishi hapa kunasaidia sababu kumbi ziko hapa na nauli inapungua, lakini mashindano ya dunia yana nafasi za kufuzu kwa mabara, Afrika ikiwemo. Desemba 2025 David Munyua, daktari wa mifugo kutoka Kenya, alisimama Ally Pally, akawa nyuma seti 2-0 mbele ya Mike De Decker wa Ubelgiji, ambaye alishinda World Grand Prix 2024, akarudi akamfunga 3-2. Nilikuwa peke yangu sebuleni nimesimama juu ya kochi na viatu. Mke wangu kashuka ngazi akidhani kuna mwizi.

Kuhusu dogo, tumekubaliana hivi. Mwaka huu ligi na mimi Jumatatu, Bob's 27 kila siku, mashindano ya wazi mawili matatu ya wikiendi anaingia kwa hela yake ya kazini sio ya mama yake. Avareji ikikaa 85 kwa miezi mitatu mfululizo, namlipia kiingilio cha Q-School. Milton Keynes kutoka kwetu ni nusu saa kwa gari, nitampeleka mwenyewe. Beba seti mbili za mishale, flaiti (vibawa) na shafti (vijiti vya nyuma) za akiba, viatu visivyoteleza, maji, na chakula cha kushinda, ile siku inaanza asubuhi na ukiendelea kushinda unatoka usiku. Akifungwa mapema tutakula kwenye gari.

Jana kanitumia picha ya Bob's 27. Kafia dabo 17.